Nduthi na GPS Garissa: Setilaiti Inakuona Poa, Shida ni Ramani

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe ndio tuelewane.

Kabla nianze kuandika hizi stori, nilikuwa mtu wa nduthi. Chuo ilikuwa imenishinda na fees, binamu yangu akanipa Boxer yake nipige kazi, jioni namletea yake nabaki na yangu. Siku moja saa saba mchana nikapigiwa na mama mmoja hapa Garissa. Ako na kapakiti ka dawa ya pumu, mtoto wa dadake ameishiwa huko ndani, upande wa barabara ya Balambala. Akanitumia pini kwa WhatsApp. Nikacheki, mstari wa buluu umetokea safi, nikasema hii ni kazi ya saa moja na nusu hivi. Simu iko 41%. Nikatoka.

Mahali netiwaki ilipotelea sijui. Najua tu nilisimama kunywa maji, nikagusa skrini vibaya, apu ikajifunga. Kufungua tena, ramani yote imekuwa rangi ya kijivu. Hakuna barabara, hakuna jina, hakuna mstari. Kitu moja tu iko katikati: kadoti ka buluu. Mimi.

Nikakasirika nikasema GPS imekufa. Dakika chache baadaye simu nayo ikazima, joto na betri zimeipiga. Nimebaki mimi, Boxer, chupa nusu ya maji na mchanga kila upande.

Mzee mmoja wa ngamia ndiye aliniokoa. "Warya, unatafuta nini huku?" Nikamwambia, "Adeer, natafuta boma ya watu fulani." Akacheka, akanionyesha kwa fimbo: mti ule, kisha laga, kisha shika kushoto. Nilifika jua likizama. Mtoto alikuwa ameketi wima, anavuta pumzi na mabega. Dawa ikamshika, akalala. Mimi sikulala. Nilikuwa nawaza, je, kama mzee angekuwa amepitia njia ingine hiyo siku?

Kitu nilikuja kuelewa baadaye ndio sababu ya hii article. GPS yangu haikuwa imekufa. Kale kadoti ka buluu kalikuwa sawa kabisa. Kilichokufa ni ramani. Hizo ni vitu mbili tofauti, na ukizichanganya utatumia doh vibaya na siku moja utapotea vibaya.

GPS haikuli bando

Tuanze hapo juu. GPS ni mfumo wa setilaiti za Marekani. Zinahitajika angalau 24 ndio dunia yote ifunikwe, na kwa kawaida ziko zaidi ya hizo. Zinazunguka kama kilomita 20,200 juu ya kichwa chako. Kila moja inatangaza tu kama redio: mimi ni fulani, niko hapa, na saa yangu inasema hivi.

Simu yako inasikiza. Inaangalia ujumbe umechukua muda gani kufika, inapiga hesabu ya umbali. Ikisikia setilaiti tatu inaweza kukisia uko wapi. Ya nne inarekebisha saa ya simu, kwa sababu saa ya simu si kali kama ya setilaiti. Mawimbi ya redio yanakimbia kama kilomita 300,000 kwa sekunde moja, kwa hivyo saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, unawekwa mita 300 mbali na ulipo.

Umeona venye hakuna mahali nimetaja Safaricom ama Airtel? Kusikiza setilaiti ni bure. Haitaji bando, haitaji hata laini. Toa laini kwa simu, toka nje mahali anga iko wazi, subiri dakika kadhaa, utapata mahali ulipo. Netiwaki inasaidia tu kuharakisha ile mara ya kwanza, kwa sababu simu inapewa mapema habari ya setilaiti gani ziko juu. Bila netiwaki itakawia kidogo, lakini itafika.

Zamani Marekani ilikuwa inaharibu makusudi signal ya raia ili jeshi lake pekee lipate ile kali. Mei 2000, Rais Bill Clinton akaamuru hiyo kitu izimwe. Siku hizi simu ya kawaida chini ya anga wazi inakuweka ndani ya mita tano hivi. Na simu nyingi mpya hazisikizi Marekani peke yake. Zinasikiza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

Na hapa Garissa tumebarikiwa. Katikati ya Nairobi maghorofa yanarusha signal huku na huku, doti inakuweka ndani ya ukuta. Sisi huku anga ni yetu yote. Setilaiti zinatuona poa kuliko watu wa town.

Kwa hivyo shida si setilaiti. Shida ni ile picha simu inakuchorea chini ya doti. Hiyo picha kwa kawaida inaletwa na bando kidogo kidogo ukienda. Bando ikikatika, picha inaisha. Na hata bando ikiwepo, picha iko na kile tu mtu alichora. Nairobi imechorwa mpaka kibanda cha mahindi. Ukitoka Garissa town kilomita 20, utakuta ramani imenyamaza.

Trakka si GPS ya kukuonyesha njia

Hapa wasee wengi wanachanganyikiwa. Kama umechukua nduthi kwa mkopo, kuna uwezekano mkubwa imefichwa kakifaa mahali. Hiyo ni trakka. Inasikiza setilaiti kama simu yako, lakini iko na laini yake ndani, na inamtumia mwenye mkopo habari ya mahali nduthi iko. Wewe haikuambii kitu.

Kwa hivyo mtu wa duka akikuuzia "GPS ya nduthi", uliza swali moja: hii inaniambia mimi niko wapi, ama inamwambia mtu mwingine? Trakka ni poa kwa wizi. Lakini ukipotea njia ya Modogashe, trakka itamsaidia tu yule anayetafuta nduthi yake.

Sasa ununue gani?

Kuna njia tatu. Nitaziweka kuanzia bei ya chini.

Ya kwanza ni simu uliyo nayo. Kabambe haiwezi, hiyo weka kwa mfuko ya kupiga simu. Lakini karibu kila simu ya kugusa iko na GPS. Kitu simu za bei ya chini mara nyingi hukosa ni dira. Hiyo ndio sababu ukisimama mshale unazunguka kama umelewa. Usipanik. Endesha mita 30 hivi, simu itajua unaelekea wapi kwa kuangalia venye unasonga, na mshale utanyooka.

Ya pili ni kifaa cha mkono, kama zile Garmin eTrex. Kadogo, skrini si ya kupendeza, haina muziki, haina TikTok. Lakini inakula betri mbili ndogo za AA, zile za rimoti, na inaenda zaidi ya saa 20. Betri za rimoti hazikosi kwa duka hata ndogo. Na skrini yake inaonekana vizuri jua likiwa kali, wakati ya simu inageuka kioo cha kujiangalia.

Ya tatu ni kifaa kilichotengenezewa pikipiki kabisa, kama Garmin zūmo ama TomTom Rider. Kinafungwa kwa usukani, kinakula umeme wa nduthi, skrini inang'aa na inagusika ukiwa na glavu. Lakini bei sasa. Zūmo XT ilipotoka 2020 ilikuwa inauzwa Marekani karibu dola 500. Hapo bado haijapanda ndege.

Na kabla ulipe hiyo pesa, cheki vitu viwili.

Kwanza, ramani iliyo ndani. Kifaa kilichonunuliwa Ulaya ama Marekani mara nyingi kimekuja na ramani ya huko. Utaletewa kitu inajua kila barabara ya Ujerumani na haijui Dadaab. Kuna ramani za Afrika za kununua kando, kama zile za Tracks4Africa, na kuna za bure zinazotokana na OpenStreetMap. Lakini muuzaji akuonyeshe Garissa kwa skrini kabla pesa itoke.

Pili, zile namba za IP. Zinaandikwa mbili: ya kwanza ni vumbi, mwisho wake ni 6, ya pili ni maji. IP67 maana yake vumbi haliingii, na maji ya mita moja kwa nusu saa yanavumilika. Sasa ukiona IPX7, hiyo X maana yake upande wa vumbi hakuna alama iliyopewa. Zūmo XT yenyewe ni IPX7. Mtu wa London anaogopa mvua. Wewe wa Garissa adui yako wa kila siku ni vumbi. Soma hiyo namba ya kwanza.

Maoni yangu, bila kukupaka mafuta: kama unapiga kazi ya town, Township mpaka Bulla Iftin mpaka Madogo ng'ambo ya daraja, simu inatosha. Kama unatoka nje mara nyingi, weka pesa kwanza kwa betri ya ziada na holda ya maana kabla ya kitu kingine. Baadaye ukiweza, ongeza kifaa cha mkono kama mchezaji wa akiba. Hii ya tatu ni ya msee anayezunguka Afrika na nduthi ya milioni.

Pakua ramani ukiwa bado town

Hii ndio sehemu ingeniokoa. Ni bure na inachukua dakika kumi.

Kwa Google Maps, gusa picha yako juu, ingia mahali pa ramani za nje ya mtandao, chagua eneo, vuta kisanduku kifunike sehemu za Garissa na Tana River unazopita, pakua. Jua tu kwamba ukiwa bila data, Google inakupa njia za gari pekee. Vichochoro vya nduthi havitatokea.

Kwa hivyo weka na apu ya pili. Organic Maps ni bure, haina matangazo, na imetengenezwa kufanya kazi bila intaneti kabisa. OsmAnd nayo iko na vitu vingi zaidi, ingawa mwanzoni inachanganya. Zote zinatumia ramani ya OpenStreetMap. Mara nyingi njia ndogo ambayo Google haina, hizi ziko nayo. Na mara zingine ni kinyume. Ndio maana nasema mbili.

Pakua kwa waifai, kisha ujipime: zima data, rudi kwa apu, tafuta Masalani. Ikikuchorea njia, uko fiti. Ikikuambia hakuna mtandao, bado hujapakua. Usingoje kujua hivyo ukiwa kwa laga.

Jina linaweza kukupeleka kwa watu wengine

Andika Bura kwa simu. Iko Bura ya Fafi, hapa kwetu Garissa. Iko Bura ya Tana River, pale kwa skimu ya unyunyizaji. Na iko Bura ya Taita Taveta, upande wa Mwatate, ambako ukifika utasalimiwa Kitaita na hutakuta mteja wako. Hizo mbili za kwanza zinaonekana majirani kwa ramani, lakini mto Tana umelala katikati yao. Ukichagua isiyo yako, utafika kwa maji na uanze kuangalia ng'ambo kama mtu ameachwa na mahaba.

Township nayo iko Garissa, iko Wajir, iko Mandera. Na tahajia ndio balaa zaidi. Bula ama Bulla? Modogashe, Mado Gashi ama Madogashi? Hagadera ama Hagardera? Jina la Kisomali limeandikwa na karani wa Kiingereza, likasomwa na mtu wa Kiswahili, likaingizwa kwa kompyuta na mtu hajawahi kuliskia. Ukikosa jina, jaribu tahajia tatu kabla useme mahali hapako.

Na ukipewa majibu mawili, angalia kilomita. Kama mteja amesema ni karibu na simu inasema 400, mmoja wenu anadanganya, na si mteja.

Namba mbili zinazoshinda jina lolote

Kila mahali duniani pako na namba mbili: latitudo na longitudo. Ya kwanza inasema uko umbali gani kaskazini ama kusini ya ikweta. Ya pili inasema uko umbali gani mashariki ama magharibi ya mstari unaopita Greenwich, London. Garissa town ni kama -0.45, 39.65.

Hiyo alama ya kutoa hapo mbele si urembo. Inasema uko kusini ya ikweta. Na hapa kwetu hiyo ni hatari, kwa sababu ikweta inapita ndani ya kaunti yetu. Garissa town iko kusini yake, Dadaab town iko kaskazini yake kidogo. Ukienda Dadaab unaivuka bila kuona hata kibao, na namba yako inabadilika kutoka kutoa hadi kujumlisha.

Digrii moja ni kama kilomita 111. Kwa hivyo mteja wa Garissa akikutumia namba na asahau hiyo alama ya kutoa, unapelekwa karibu kilomita 100 kaskazini, kichakani. Kaalama kamoja tu hivyo.

Ukigeuza mpangilio ndio utacheka. Andika 39.65 kwanza, kisha -0.45. Simu itakupeleka viungani mwa Valencia, Uhispania. Mpira utaona, mteja hutaona.

Kitu kingine: urefu wa namba. Namba mbili baada ya nukta zinakuweka ndani ya kama kilomita moja. Namba nne zinakuweka ndani ya kama mita 11. Kwa hivyo omba nne. Ama omba Plus Code, ile yenye alama ya kujumlisha katikati, ambayo Google walianzisha kwa ajili ya sehemu kama zetu ambazo nyumba haina namba wala mtaa hauna jina.

Uzuri wa namba ni kwamba zinaingia kwa SMS. Pini ya WhatsApp inataka data. SMS inataka tu kijiti kimoja cha netiwaki, hata ile ya kizamani. Ukianguka mahali, ukivunjika mguu, simu yako bila bando itakupa namba mbili. Zitume kwa mtu nyumbani. Ama zisome kwa sauti ukipiga 112, ama 1199 ya Red Cross. "Niko karibu na mti mkubwa" haisaidii mtu yeyote Garissa. Miti ni mingi.

Kuifunga kwa nduthi

Holda ya plastiki ya bei ya chini itakuangusha, na simu itakuwa chini ya tairi ya lori la ng'ombe. Chukua ile ya chuma yenye kushika pembe nne, na ongeza kamba ya raba juu. Ifunge mahali macho yako yanashuka kidogo tu kutoka barabarani, si kwa tangi.

Mtetemo nao ni noma. Septemba 2021 Apple walitoa onyo rasmi kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone, ile sehemu inayotuliza picha. Boxer si pikipiki kubwa, lakini barabara ya mawe inajazia. Kama simu yako ni ya maana, weka raba chini ya holda, ama tumia simu ya zamani kwa ramani na hiyo nzuri ikae mfukoni.

Joto ndio lilimaliza yangu. Apple wenyewe wanasema simu yao itumike mahali hakuzidi digrii 35. Hiyo kwetu ni mchana wa kawaida, na sijahesabu jua linalopiga kioo moja kwa moja. Simu ikichemka inapunguza mwangaza, inakataa kuchaji, mwisho inajizima. Toa kava. Weka kakivuli ka karatasi ngumu juu ya holda. Na zima skrini: acha sauti ikuongoze, hedifoni moja sikioni chini ya helmeti, sikio lingine libaki la lori.

Skrini ndiyo inakula betri kuliko kitu kingine. Pawabenki ya 10,000 haitajaza simu ya 5,000 mara mbili kamili, mingine inapotea njiani. Kama unataka kuchajia kwa nduthi, fundi akuwekee adapta ya USB yenye fyuzi, na iunganishwe ili ikizima ufunguo nayo izime. La sivyo asubuhi utasukuma.

Ramani haijui mvua

Novemba 2023, mvua za El Niño zilikata barabara ya Garissa kwenda Madogo pale Kona Punda. Garissa ikawa kama kisiwa. Abiria wa Nairobi wakavushwa kwa boti. Aprili 2024 mafuriko yakarudi, na boti moja ikapinduka hapo hapo, watu wakapoteza maisha.

Ramani uliyopakua kabla ya hapo ingekuambia nini? Barabara iko, nyooka mbele. Mstari wa buluu haujui maji. Haujui laga iliyokuwa kavu asubuhi na sasa inabeba mbuzi. Haujui kama njia fulani wiki hii watu wameacha kuipita kwa sababu ya usalama.

Kwa hivyo GPS ikishasema, uliza mtu pia. Dereva wa probox aliyetoka huko, wazee kwa kibanda cha chai, polisi kwa kizuizi. Swali ni moja: njia iko sawa leo? GPS inakujibu uko wapi. Mtu anakujibu kama utafika. Na ukiona maji yanakimbia juu ya lami, geuka, hata simu ikipiga kelele.

Ukiwa nje, washa pia kurekodi njia. OsmAnd iko nayo. Inaacha alama nyuma yako kama nyayo kwa mchanga. Ukipotea huhitaji kujua mbele ni wapi. Unafuata nyayo zako mpaka lami.

Nani atachora Garissa?

Sasa rudi kwa ile skrini ya kijivu. Hata kama ningekuwa nimepakua ramani, ile boma isingekuwepo. Hakuna mtu alikuwa ameichora.

Kibera ilikuwa hivyo. Kwa ramani za mtandao ilikuwa karibu doa tupu, na watu wamejaa ndani. 2009, vijana wa hapo wakapewa vifaa vya GPS vya mkono, wakatembea vichochoro vyao, wakachora zahanati, vyoo, shule, mabomba ya maji. Hiyo kazi inaitwa Map Kibera. Waliiweka kwa OpenStreetMap, ramani ambayo Steve Coast aliianzisha Uingereza 2004, na ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza.

Nani anajua Garissa kuliko mtu wa nduthi? Wewe unajua kisima kiko wapi, zahanati inafungwa saa ngapi, laga gani inavukika. Kwa Organic Maps kuna mahali pa kuongeza pahali. Kwa Google pia. Ukifika mahali papya, simama, subiri doti itulie, weka jina venye watu wa hapo wanalitamka, endelea na safari. Weka visima, zahanati, shule, duka la petroli la chupa. Boma ya mtu usiiweke bila ruhusa yake, na kambi za polisi na jeshi achana nazo kabisa.

Mimi niliporudi ile njia mara ya pili, simu ilikuwa imejaa chaji, ramani imepakuliwa, na lita tano za maji nyuma. Nilisimama kwa ule mti mzee alionionyesha. Kwa skrini hapakuwa na kitu. Nikaweka pini mbili: mti, na pale laga inavukika.

Siku ingine mtu atapigiwa simu saa saba mchana na kapakiti ka dawa mkononi. Labda huyo mzee hatakuwa hapo. Pini zitakuwa.